Mto Uko Mlangoni, Maji Yako Kisimani

Mpenzi msomaji, kabla hujakimbilia ukurasa wa vichekesho, nijibu swali moja. Ukipewa nafasi ya kujenga mji wako, na papo hapo mlangoni pana mto, je, utachimba kisima?

Swali hilo tuliulizwa na mwalimu mlezi wa chama chetu siku ya mkutano wa kwanza wa muhula. Mimi, kwa vile mdomo wangu haujui kungoja, nilidakia: "Mwalimu, anayechimba kisima kando ya mto, ama ni mvivu wa kuteremka ama ana wazimu." Wenzangu wakaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alisema tu, "Haya. Jumamosi njooni na viatu vya kukanyagia matope."

Jumamosi hiyo tulikwenda Kongo. Wasomaji wetu wa bara wasishtuke, sisemi ile nchi ya Lumumba. Kongo yetu ni mahali Mto Mwachema unapoingia baharini, kwenye ncha ya kaskazini ya ufuo wa Diani, ng'ambo yake ikiwa ni Tiwi. Hapo pana msikiti wa kale uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na pembeni yake imesimama mibuyu minene ambayo wanafunzi kadhaa hawawezi kuikumbatia hata wakishikana mikono. Misikiti mingi ya umri wake imebaki magofu yanayokaliwa na mijusi. Huu bado watu wanaswali ndani yake. Ila mji uliouzunguka zamani hauonekani tena.

Tulimwamkia mzee mmoja tuliyemkuta kivulini, naye akatuitikia vizuri. Kisha mwalimu akatuteremsha mpaka ukingoni. Bahari ilikuwa imejaa, tena yalikuwa maji ya bamvua. Akaniambia, "Wewe uliyesema wazimu, hebu onja." Nikachota kwa kiganja, nikapiga funda. Lo! Nikatema hapo hapo. Chumvi tupu! Yule mzee akacheka mpaka akashika mbavu. "Mwanangu," akasema, "huo si mto saa hizi. Hiyo ni bahari imekuja kumtembelea mto."

Basi hapo ndipo lilipo jibu la swali. Mwachema unashuka kutoka Milima ya Shimba maji yake yakiwa baridi. Lakini mlangoni mwa bahari nchi ni tambarare, na kila maji yanapojaa, bahari inapanda ndani ya mto, yanapokupwa, inarudi. Mara mbili kwa siku, mwaka nenda mwaka rudi. Ukitaka ushahidi tazama mikoko. Palipo na mikoko jua chumvi imefika, hata kama macho yako yanaona mto. Ndivyo ilivyo pia Mkurumudzi unapoingia Gazi, na Ramisi unapomwaga maji yake karibu na Funzi, na hata Umba unaotoka mbali kabisa, milima ya Usambara huko Tanzania, ukaja kuingia baharini karibu na Vanga.

Kwa hiyo mzee wa kale aliyeteua kukaa kando ya mdomo wa mto alipata mengi: bandari ya kuegeshea mitepe na majahazi, samaki, boriti za mikoko, na njia ya kwenda bara kubadilishana bidhaa. Hata maji ya kutawadhia angeweza kuyapata, maana maji ya bahari ni tohara. Ila ya kunywa hakuyapata mtoni. Hayo ilibidi ayatafute chini ya miguu yake.

Hebu sasa tuingie chini ya ardhi kidogo, na wale wanaoikimbia jiografia wavumilie. Ukanda huu wetu wa Diani, Tiwi na Msambweni umelala juu ya matumbawe ya kale na mchanga. Matumbawe ni mwamba wenye vitundu na nyufa. Mvua ya masika ikinyesha, maji hayatuami sana wala hayaendi mbali, yanazama. Yakifika chini yanakutana na maji ya bahari ambayo nayo yamepenya kutoka upande wa pili. Je, yanachanganyika? Kidogo tu, pale yanapogusana. Maji ya chumvi ni mazito zaidi, kwa hiyo maji ya mvua yanakaa juu yake, mfano wa mafuta ya nazi juu ya maji sufuriani. Wataalamu wawili wa Ulaya, Badon Ghyben wa Uholanzi na Herzberg wa Ujerumani, waliipigia jambo hili hesabu mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ile ya 20. Hesabu yao ni hii: kila meta moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, chini yake kuna kama meta 40 za maji baridi kabla hujaifikia chumvi.

Ukisikia 40 utaona ni utajiri mkubwa. Subiri kwanza. Igeuze hesabu hiyo upande wa pili. Ukiyashusha maji ya juu kwa meta moja tu kwa kuyateka mno, chumvi inakuja juu kama meta 40! Na karibu na ufuo tabaka hilo la maji baridi ni jembamba. Kwa hiyo mchimbaji wa kisima cha pwani ana kazi ya kutembea juu ya uzi. Akikomea juu mno hapati kitu. Akizidi kwenda chini anaikaribisha bahari nyumbani.

Wazee wetu hawakuwa na hesabu ya Ghyben, lakini walikuwa na ulimi. Mnamo mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta kutoka Moroko alipita Mombasa, akaandika alichokiona. Anasema kwamba kwenye milango ya misikiti kulikuwa na kisima kimoja au viwili, na kina cha visima hivyo kilikuwa dhiraa moja au mbili tu. Watu walichota kwa chombo cha mti kilichotiwa mpini mwembamba wa urefu wa dhiraa moja. Pembeni ya kisima na msikiti palisakafiwa, na mtu aliosha miguu kabla ya kuingia, kisha akaifuta kwa mkeka mzito uliowekwa mlangoni.

Msomaji, usiipite habari hiyo mbio. Dhiraa ni kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Yaani kisima cha kimo cha mtoto wa chekechea! Na chombo chenyewe si kingine ila ndugu yake kata ya kifuu ambayo nyanya zetu wanayo mpaka leo jikoni. Kwa kata huwezi kuyashusha maji ya ardhini hata ukichota kutwa. Unaramba juu juu tu, kama mtu anayeengua tui. Haba na haba, na chumvi chini haishtuki.

Likizo iliyofuata tuliendelea na safari upande wa kaskazini, kwa sababu huko magofu ni mengi na yamefukuliwa vizuri, tukitaka kuona kile ambacho Kongo hakionekani tena. Tulianza Jumba la Mtwana, si mbali na mkono wa bahari wa Mtwapa. Mji huo ulikaliwa katika karne ya 14 na ukaachwa mwanzoni mwa karne ya 15. Mwanaakiolojia James Kirkman aliufukua mwaka 1972. Kwenye msikiti ulio karibu na bahari utaona birika la kutawadhia, na hapo chini vipande vya matumbawe vimewekwa vya kusugulia nyayo. Nilivua kiatu nikajaribu. Vinakwaruza sawasawa! Mwenye kisigino cha mkulima angetoka pale ana kisigino cha bibi harusi.

Halafu tukaenda Gede. Kirkman huyo huyo alifanya kazi Gede kuanzia 1948 hadi 1958, na mwezi wa Julai mwaka 2024 mji huo uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Wengi wakienda Gede hupiga picha na kima na kurudi. Sisi tulipewa kazi moja: fuata maji. Usitazame mihrabu wala makaburi. Fuata maji yanakoingia, yanakokaa, na yanakotokea.

Ukifuata maji, mji mzima unageuka mbele ya macho yako. Uani mwa Msikiti Mkuu pana kisima. Maji yakitekwa yalimiminwa kwenye mchirizi wa mawe yakaenda mpaka birikani. Mtekaji alisimama mahali pamoja, na mwenye kutawadha mahali pengine. Majumbani mna nyua zilizochimbwa chini kuliko vyumba, watu wakiteremka kwa ngazi. Pia mna vyoo vyenye tundu na shimo chini, na kando yake mahali pa kuweka chombo cha maji ya kuchambia. Katika karne ya 15! Kuna hata nyumba inayoitwa Nyumba ya Birika, kwa sababu ya birika lililokutwa humo, kama vile nyumba nyingine zilivyopewa majina ya Mkasi na Taa ya Chuma kwa vitu vilivyookotwa ndani.

Sasa utauliza, mwanaakiolojia anajuaje kuwa hiki kilikuwa kibirika na si sanduku la mahindi? Ishara ziko kadhaa. Kwanza chokaa. Ukuta wa kawaida hupigwa lipu hivi hivi, lakini ukuta wa kushika maji hupigwa tabaka juu ya tabaka, ukalainishwa, na pembe zake za ndani zikaviringwa ili maji yasipate ufa wa kuanzia. Pili mwinamo. Sakafu ya chumba cha kulala ni sawa. Sakafu ya mahali pa maji inalalia upande mmoja. Fundi ukimwekea gololi hapo itakuonyesha njia, hata miaka 500 baadaye (tulitaka kujaribu, mlinzi akatukazia macho). Tatu ni tope lenyewe. Maji yanayotembea polepole huacha mashapo laini, yamepangana kama kurasa za daftari, na mfukuaji huyasoma moja moja.

Na shimo la choo au kisima kilichoachwa ni hazina. Watu walitupa humo vigae vya vyungu, vyombo vya China vilivyovunjika, shanga na mifupa ya samaki. Kwa maana hiyo takataka za mtu hueleza habari zake kuliko kaburi lake.

Lipo na jambo la paa, ambalo nusura tulisahau kwa kuwa paa zenyewe zimeshaanguka. Nyumba za mawe zilikuwa na paa bapa: boriti za mikoko zimelazwa, juu yake mawe, juu yake chokaa nzito. Boriti ya mkoko haiwezi kuvuka nafasi pana, ndiyo maana vyumba vya Gede na vya Lamu ni virefu na vyembamba, chini ya meta 3 upana. Paa bapa linapenda kutuamisha maji, na maji yakituama chokaa inakwisha na boriti inaoza. Hivyo ilimpasa fundi alipe mwinamo kidogo na kulitolea milizamu. Kwenye visiwa visivyo na kisima cha kutegemewa, maji hayo ya paa ndiyo yaliyokuwa uhai. Wenzetu wa Wasini, pale mbele ya Shimoni, kwa vizazi vingi wameishi kwa maji ya mvua yaliyokusanywa kwenye mabirika. Ukimwambia mtu wa Wasini kwamba mvua ni kero atakutazama mara mbili.

Na Lamu walikwenda mbele zaidi. Chini ya birika la bafuni walipachika sahani ya kauri, kisha wakatia samaki wadogo ndani ya maji. Samaki hula viluwiluwi vya mbu. Birika likikaribia kukauka, samaki hupata maji ya mwisho mle sahanini. Wengine wanaona ni pambo. Mimi nasema hiyo ni dawa ya malaria isiyohitaji chupa.

Hapo katikati ya sifa, lazima nikiri kilichonichanganya. Nilikwenda Gede nikiwa tayari nimeshaandika kichwani kuwa wahenga walijua kila kitu. Lakini mle uani mwa msikiti kisima, birika na choo viko ndani ya ua mmoja. Nyumba nazo zimesongamana, kila moja na shimo lake, na mwamba wa chini ni ule ule wa matumbawe wenye nyufa. Leo maafisa wa afya hutaka choo na kisima viachane kwa kiasi cha meta 30, na kwenye matumbawe hata hizo huenda zisitoshe. Kwa hiyo sitaapa kuwa hakuna mtoto wa Gede aliyeumwa tumbo. Walijua kuyaondoa maji machafu mbele ya macho na miguu ya watu. Yakishazama, hawakuwa na njia ya kuyafuata. Sisi tunayo, na bado hatuyafuati.

Kuna la pili, na hili ndilo lililonikalia moyoni. Gede kina kisima kilicho karibu na Msikiti Mkuu ambacho kilichimbwa, kisha baadaye kikachimbwa tena kwenda chini zaidi. Maana yake maji yalikuwa yanawakimbia. Mji ulikuja kuachwa mwanzoni mwa karne ya 17. Wanahistoria wanataja sababu nyingi: Wareno kuhamishia nguvu zao Mombasa, Wazimba waliopita pwani mwaka 1589, mashambulizi ya Waoromo. Lakini kushuka kwa maji nako kumo katika orodha hiyo, na ukisimama ukingoni mwa kisima kile ukatazama gizani, utaona sababu hiyo haihitaji mkuki wala bunduki. Huko Takwa, kwenye kisiwa cha Manda, mji ulioachwa katika karne hiyo hiyo ya 17, inasemekana maji ya kisima yaliingia chumvi na watu wakavuka kwenda Shela. Mpaka leo watu wa Shela hurudi Takwa kuomba mvua.

Si kila mahali hadithi ni ya visima. Mto unapokuwa baridi mtu hachimbi, anautega. Engaruka, kaskazini mwa Tanzania, wakulima wa zamani walitoa maji kwenye mito inayoshuka ukingo wa Bonde la Ufa na kuyapitisha kwa mifereji ya mawe mpaka mashambani. Mashamba hayo yaliachwa kabla ya karne ya 19. Hapa Kenya Wamarakwet bado wanatumia mifereji yao katika Bonde la Kerio, na zamu ya maji inagawanywa na wazee wa ukoo. Lakini sisi watu wa mdomo wa mto hatuna nafasi hiyo.

Sasa nirudi nyumbani, kwa nyanya yangu, upande wa Msambweni. Kisima chake kilichimbwa na babu yake mzaa mama. Ni kifupi, kimejengewa mdomo wa mawe ulioliwa na kamba. Nilipokuwa mdogo, jirani walitoka mbali kuja kuteka "kwa sababu maji yake yanakubali sabuni". Hiyo ndiyo hati ya ubora kwa mama wa pwani: maji ya chumvi hayatoi povu. Miaka michache iliyopita, kiwanja cha pili kilinunuliwa na mtu ambaye simtaji, akajenga nyumba za kupangisha, akachimba kisima kirefu na kutia pampu ya umeme. Tangi likawekwa juu, bustani ikamwagiwa asubuhi na jioni. Mwaka wa kwanza hatukuona kitu. Kiangazi cha pili nyanya alipika chai akaitema. Akadhani mimi nimekosea mkebe, nimetia chumvi badala ya sukari. Nilikemewa bure!

Ilibidi nifike Kongo, nikateme maji ya Mwachema, ndipo nielewe. Pampu ya umeme haiengui. Inatia mrija chini kabisa na kuvuta kwa nguvu, na mahali inapovuta, maji baridi yanashuka na ya chumvi yanapanda kama kichuguu kuelekea kwenye mrija. Kisima cha nyanya kiko pembeni mwa kichuguu hicho. Hakuna aliyetia sumu wala aliyeroga, ingawa maneno ya kuroga yalisemwa na yalitugombanisha na watu. Pana na mashimo ya vyoo vya nyumba zile, lakini hayo ni makala nyingine.

Mtu asiseme kwamba nataka turudi kwenye kata. Mji wa Ukunda na Diani haunyweshwi kwa kata. Visima vikubwa vya Tiwi vinasukuma maji ya bomba mpaka Likoni. Na Kwale yetu ina jina katika habari hizi: kuanzia mwaka 1983 pampu za mkono zilijaribiwa hapa kusini mwa pwani, Diani na Msambweni, mpaka ikatoka ile pampu ya Afridev inayotumika sasa katika nchi nyingi za Afrika. Iliundwa ili watu wa kijiji, kina mama hasa, waweze kuitengeneza wenyewe bila kungoja fundi kutoka mjini. Ukiifikiria vizuri, ni kata yenye mpini mrefu. Inatoa maji kwa kadiri ya nguvu za mkono, na mkono ukichoka kisima kinapumzika.

Nilimweleza nyanya habari hizi zote jioni moja, nikamchorea mchangani: bahari huku, mvua huku, kichuguu cha chumvi katikati. Alisikiliza kimya. Kisha akauliza, "Sasa huyo bwana wa pampu ameonyeshwa mchoro huu?" Nikasema hapana. "Basi umemchorea nani?"

Tulikwenda, mimi na mjomba, tukampelekea chupa mbili za maji, moja ya kisima chetu na moja ya kwake. Hakujua kuwa ya kwake nayo yameanza. Alionja, akakunja uso, akaita mlinzi wake aonje. Tuliongea kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na mjomba, ambaye huwa mkali, siku hiyo alikuwa mpole. Tukakubaliana kuwa bustani itamwagiwa maji ya mvua yatakayokingwa paani, ambalo ni kubwa kuliko paa lolote nililoliona Gede, na pampu itawashwa kwa saa chache tu, kukiwa na nafasi ya kupumzika katikati. Milizamu imeshafungwa. Tangi la mvua bado.

Tangu hapo kila Ijumaa nyanya anaosha kanga moja kwa maji ya kisima na kuangalia povu, nami nachora alama ukutani nyuma ya jiko. Mpaka tunapopeleka makala hii kwa mhariri nina alama kumi na moja, na mbili za mwisho, kwa mujibu wa nyanya, "zimeanza kukubali kidogo". Lakini masika ilikuwa imeanza, kwa hiyo sijui nimshukuru nani. Kiangazi kijacho ndicho kitakachosema, na wanachama walioko Diani, Tiwi na Gazi ambao visima vya kwao vimebadilika ladha naomba waniletee chupa na tarehe kabla ya toleo lijalo.